Ngumi Ilipomgusa Marehemu

Aliuawa mara nyingi kiasi kwamba watu walisahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Marehemu. Alichomwa visu, akatupwa kutoka ghorofani, akazamishwa mtoni, na katika filamu moja aliangukiwa na kabati la chuma lililojaa fedha bandia. Enzi zile filamu za mapigano zilipokuwa zinajaza kumbi, ilikuwa nadra kuona filamu asiyokuwemo Marehemu, na ilikuwa haijawahi kutokea filamu ikaisha yeye akiwa hai. Alikuwa na uso wa adui: mashavu yaliyobonyea, nyusi nzito, na sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Nyumbani alikuwa mtu mpole, mwoga wa mbwa, mpenzi wa chai yenye sukari nyingi.

Filamu za namna hiyo zilipokosa watazamaji, alirudi kwenye kazi aliyofundishwa na baba yake, kutengeneza makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati, kikinuka gundi na sponji mpya. Mkewe alikaa upande wa dirisha na cherehani yake akishona vitambaa vya kufunikia. Yeye alikaa chini kati ya springi na mbao, misumari mdomoni.

Hapo ndipo muongozaji alipomkuta. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa suruali ya jinzi, miwani ameisukuma juu ya nywele.

"Shikamoo mzee."

Marehemu akaguna, maana misumari haikumruhusu kuitika.

"Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakuogopa," mgeni akasema. "Nilikuwa siendi chooni peke yangu kwa sababu yako."

Marehemu akatema misumari kiganjani. "Pole, mwanangu. Ilikuwa kazi."

Yule mwanamke akacheka, akakaa kwenye kochi ambalo halijafunikwa, akaeleza shida yake. Alitaka kutengeneza filamu iitwayo "Hatustaafu". Alikuwa amewatafuta wale wakongwe wa mapigano mmoja mmoja, awakusanye wote katika filamu moja. Wazee wanne, zamani walikuwa maadui, wanaungana kumwokoa binti wa rafiki yao aliyetekwa. Hadithi yenyewe ni ya kawaida, alikiri, lakini watu hawaendi kutazama hadithi, wanakwenda kuwatazama wao.

"Nakufa wapi?" Marehemu akauliza. "Mwanzoni au mwishoni?"

"Hufi."

Cherehani ikanyamaza.

"Nyote wanne ni steringi," muongozaji akasema.

"Na steringi hafi," mke wa Marehemu akadakia kutoka dirishani.

Marehemu aliitazama springi aliyokuwa ameishika kana kwamba ndiyo imesema. Akajibu kwamba angefikiria kwanza.

"Afikirie nini?" mkewe akasema. "Mwandike, mwanangu. Nimechoka kwenda sinemani kuzika mume."

*

Mazoezi yalifanyika katika ghala lililokuwa la magunia. Walitandika magodoro sakafuni, wakaning'iniza feni mbili, wakaegemeza kioo kirefu ukutani. Siku ya kwanza Marehemu alipofika, aliwakuta wawili wameshatangulia.

Mmoja alikuwa Ngiri, lile jitu lililokuwa likivunja milango kwa kichwa. Bado alikuwa mpana kama kabati, lakini daktari alikuwa amemkataza chumvi, naye aliizungumzia chumvi kama mtu anavyomzungumzia mchumba aliyeolewa na mwingine. Wa pili alikuwa Mama Mateke. Zamani mguu wa mama huyu uliweza kufika juu ya kichwa cha mwanamume yeyote aliyesimama mbele yake. Siku hizi alikuwa na shule ya udereva, na goti moja alilifunga bendeji.

"Naweza kupiga mpaka hapa," alimweleza muongozaji, akionyesha urefu wa meza. "Huyo adui ajiinamishe kidogo, asinisumbue."

Walikaa kwenye magodoro wakisoma maandishi ya filamu, kila mmoja ameyashika mbali kadiri mkono ulivyoweza kunyooka. Ngiri alisahau miwani, akaazima ya Mama Mateke, ikamkaa puani kama kipepeo juu ya jiwe. Walikuwa wanalinganisha dawa zao za presha, nani anameza za asubuhi na nani za jioni, pale sauti ilipowafikia kutoka mlangoni.

"Mbona kimya? Mmeshakufa wote?"

"Mmoja wetu tu!" Ngiri akajibu, akimnyooshea Marehemu kidole, na ghala zima likacheka.

Alikuwa Radi. Huyo ndiye aliyekuwa steringi wa masteringi, picha yake ilikuwa ikibandikwa kwenye vibanda vya vinyozi na migongo ya malori. Alisimama mlangoni kwa suti nyeupe na miwani ya jua, mrefu vilevile, mvi zimemkaa vizuri. Alinyoosha mkono hewani akangoja, mpaka Marehemu akaenda kuushika.

"Adui yangu," Radi akasema.

"Mwuaji wangu," Marehemu akajibu, wakakumbatiana.

Wawili hao walikuwa na jambo lao ambalo watazamaji hawakulijua. Katika filamu zote walizopigana, ngumi ya Radi haikuwahi kumgusa Marehemu. Ilipita karibu na shavu kiasi cha kusikia upepo wake, Marehemu akajirusha, kelele za kishindo zikaongezwa baadaye. Waigizaji wengine walitoana meno kwa bahati mbaya. Wao, kamwe. Marehemu alimwamini Radi kwa namna ambayo hakumwamini hata kinyozi wake, na kuna nyakati alipigwa akiwa amefumba macho kabisa, anangoja upepo ndipo aanguke.

Katika "Hatustaafu", wazee hao wawili wanakutana baada ya kutoonana miaka mingi, wanapigana kumaliza ugomvi wa zamani, kisha wanapatana na kuungana. Muongozaji alisema pigano hilo ndilo moyo wa filamu, kwa hiyo waanze nalo.

"Taratibu kwanza," akaagiza.

La taratibu lilikwenda vizuri. Miili ilikumbuka. Radi alizunguka, Marehemu akainama, mkono ukaenda, kichwa kikageuka. Mama Mateke akapiga makofi. Muongozaji akasema sasa wajaribu kwa kasi yake.

Radi akageuka kutoka kushoto, akarusha ngumi, na ngumi haikupita. Ilitua.

Kishindo cha kweli hakifanani na kile cha filamu. Kilikuwa kidogo, kama kitabu kilichoanguka juu ya zulia. Marehemu alijikuta amekaa chini bila kujirusha, ladha ya damu mdomoni.

"Nimekugusa?" Radi akauliza. Uso wake ulikuwa umeelekea pembeni kidogo ya pale Marehemu alipokaa.

"Umenigusa."

"Haiwezekani."

"Uulize mdomo wangu."

Ngiri aliangua kicheko. "Jamani, Marehemu leo kafufuliwa kwa ngumi!" Wote wakacheka, na Marehemu naye akacheka, ingawa mdomo ulimuuma. Wakaleta barafu ndani ya taulo. Baada ya kupumzika wakarudia, na safari hii ngumi ikampata sikioni. Hakuna aliyecheka tena. Muongozaji akasema imetosha, waende wanywe chai.

*

Nyuma ya ghala kulikuwa na benchi la mbao kando ya ukuta wenye kivuli. Radi alikuwa amekaa hapo peke yake na kikombe chake. Marehemu akaja kimyakimya, akasimama kushoto kwake. Radi hakugeuka. Marehemu akanyoosha biskuti kutoka upande ule. Radi akaendelea kunywa chai. Marehemu akaisogeza biskuti polepole, sentimita kwa sentimita, mpaka ilipofika mbele ya pua, ndipo Radi akashtuka na kumwaga chai kwenye suruali nyeupe.

"Ah! Umekuja saa ngapi wewe?"

Marehemu akakaa. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Ndugu yangu, usinifanye mtoto."

Radi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati ingawa haikuwa na vumbi. "Mbele naona," akasema. "Mbele naona vizuri kabisa, naweza kukusomea gazeti. Pembeni ndiko kumefungwa. Ni kama natazama kupitia bomba. Na lile bomba linazidi kuwa jembamba."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari gani?"

"Hujaenda?"

"Nikienda ataniambia."

Marehemu akamkumbusha kwamba kuna lori. Katika filamu, Radi ndiye angeendesha lori kwa kasi katikati ya vibanda, Mama Mateke kando yake na Ngiri nyuma, huku vijana waliokodiwa wakiruka huku na huku kulikwepa.

"Njia yenyewe imenyooka," Radi akasema.

"Watu hawajanyooka. Wataruka kutoka pembeni."

Radi akamshika goti. Mkono uligusa benchi kwanza, kisha ukalipata goti. "Hii ndiyo ya mwisho kwangu. Wakijua wataniondoa, wamweke mtu mwingine, na mimi nitabaki kwenye kumbukumbu kama yule mzee kipofu. Niache nitoke mwenyewe, nimesimama. Wewe unanijua."

Marehemu hakukubali wala hakukataa. Radi akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo, akampigapiga goti, akainuka kwenda ndani. Alitembea akiwa amejinyoosha kama mfalme, na bega lake likakwaruza fremu ya mlango.

*

Mkewe aliuona mdomo kabla hajavua viatu.

"Nani?"

"Radi."

"Radi hapigi watu." Alimkalisha, akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. "Tangu tuoane umekula ngumi za uongo za yule mtu, sikusema neno. Za kweli sijaziruhusu. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Mkewe alisikiliza huku akimfuta, na simulizi lilipofikia habari ya lori mkono wake ulisimama.

"Ndani ya lori hilo anakaa nani?"

"Mama Mateke. Na Ngiri nyuma. Na vijana njiani."

"Na hao vijana wana mama zao?"

Marehemu akaitazama damu kwenye kile kitambaa.

"Basi umeshajijibu," mkewe akasema. "Lakini anza naye mwenyewe. Usimpitie kwa nyuma. Mtu wa heshima zake yule."

Usiku ule Marehemu hakulala vizuri. Maumivu hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba katika maisha yake kulikuwa na vitu vichache alivyokuwa na hakika navyo bila kuvifikiria, na kimojawapo kilikuwa upepo wa ngumi ile kupita shavuni. Sasa alikuwa ameanza kuuogopa mkono wa rafiki yake, na hofu hiyo ilimtia aibu hata yeye mwenyewe.

Asubuhi alimngojea Radi nje ya geti la ghala. Teksi ilipomshusha, akamvuta kando, akamwambia bila kuzungukazunguka: "Utawaambia leo. Ukishindwa nitakusaidia kuwaambia, lakini leo watajua."

Radi akatoa sauti ambayo Marehemu aliifahamu kutoka kwenye filamu, ile ya chini kabla ya mapigano.

"Nimekuua mara ngapi wewe? Mara ngapi? Na sasa umeona zamu yako ya kuniua mimi imefika."

"Radi..."

"Usiniguse."

Akageuka, akaipungia teksi iliyokuwa haijaondoka mbali, akapapasa mlango, akaingia.

Ndani, muongozaji aliuliza Radi yuko wapi. Marehemu akasema hajisikii vizuri. Yule mwanamke akamtazama kwa muda.

"Mzee, kuna jambo ninalopaswa kulijua?"

"Lipo. Ila mwenyewe ndiye wa kulisema, na ninaamini atalisema. Nipe siku moja. Lakini lile lori, mwanangu, lisiwashwe mpaka uwe umelisikia."

Muongozaji akaita mtu wa magari, akamwambia lori libaki lilipo. Hakuuliza zaidi, na Marehemu akamheshimu kwa hilo.

*

Mchana alikwenda nyumbani kwa Radi, mfuko wake wa vifaa begani kwa sababu alikuwa na kazi ya mteja njiani. Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa wa Radi, aliyekuwa akiishi naye tangu alipofiwa na mkewe.

"Amejifungia chumbani," dada akasema. "Chai kakataa, chakula kakataa. Mmemfanyaje?"

Sebuleni viti na meza zote zilikuwa zimesukumwa ukutani, na katikati palikuwa peupe kama uwanja. Marehemu alielewa mara moja. Dada mtu alimwona anavyotazama, akasema kwa sauti ndogo, "Anadhani sijui. Mimi nasogeza tu vitu kidogokidogo, nasema nafagia."

Alimkaribisha akae wakati anachemsha chai. Marehemu akakaa kwenye kochi kubwa, nalo likammeza mpaka magoti yakawa usawa wa kidevu. Springi zilikuwa zimekufa zote upande ule. Alijaribu kuvumilia. Akashindwa. Akainuka, akalipindua kochi, akakichana kitambaa cha chini na kuanza kulifungua.

Nyundo ilikuwa haijalia sana pale mlango wa chumbani ulipofunguka kwa kishindo.

"Nani anavunja nyumba yangu?"

"Mimi. Kochi lako ni kaburi."

Radi alisimama kwa vesti na kikoi. Bila suti alionekana mzee kweli. "Sikukuita," akasema.

"Fundi mzuri haitwi. Njoo ushike hapa."

Aliposita, Marehemu akamwambia tena, njoo ushike, mkono mmoja hautoshi. Radi akaja, akapiga magoti, akashika ukanda wa turubai alioonyeshwa, Marehemu akapigilia msumari. Walifanya kazi hivyo, mmoja akivuta, mwingine akigonga.

"Nilidhani unanichukia," Radi akasema hatimaye. "Si leo tu. Miaka yote. Mimi nilikuwa napigiwa makofi, wewe unazolewa chini. Nikawaza, huyu mtu lazima siku moja atanilipiza."

"Nilikuwa nazolewa, ndiyo," Marehemu akajibu. "Na kuna siku niliona wivu, sikatai. Lakini kila siku nilirudi kwa mke wangu mzima, sina hata mchubuko, kwa sababu yako. Maadui wa masteringi wengine walirudi na mbavu zimevunjika. Ningekuchukia kwa lipi?" Akachukua msumari mwingine. "Siogopi ngumi yako, Radi. Naogopa siku moja utaua mtu, halafu uishi nayo. Wewe hukuumbwa kwa hilo. Mimi ndiye mwenye sura hiyo."

Radi alicheka kidogo puani. Kisha akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na Marehemu akaendelea kugonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia zamani, ili rafiki yake asisikike kutoka jikoni.

Kochi lilipomalizika wakalisimamisha. Marehemu akajifuta mikono, akaenda kusimama katikati ya ile sebule tupu.

"Njoo unishike bega."

"Ya nini?"

"Wewe shika."

Radi akaweka mkono wa kushoto juu ya bega lake.

"Hapo unajua kichwa changu kiko wapi?"

"Najua."

"Nikiinama?" Akainama.

"Najua. Bega linashuka."

"Nikizunguka?" Akazunguka, na mkono ukamfuata, ukateleza mpaka kwenye kola, ukakamata.

"Rusha," Marehemu akasema, akafumba macho.

Marehemu alisikia anavyopumua. Kisha upepo ukapita shavuni, karibu kabisa, na yeye akajirusha akaangukia zulia. Wakarudia. Wakazidisha kasi. Walikamatana mashati, wakasukumana hadi ukutani, wakarudi katikati, paji la uso kwa paji la uso, na dada mtu alipotokea jikoni na sinia la chai alipiga ukelele:

"Mungu wangu! Wanapigana!"

"Tulia dada," Radi akasema, akihema, meno yote nje. "Tuko kazini."

*

Kesho yake Radi aliwasimulia mwenyewe. Alisimama mbele ya kile kioo kirefu, bila miwani, akaeleza lile bomba na jinsi linavyozidi kuwa jembamba. Hakujitetea.

Aliyeanza kusema alikuwa Ngiri. "Mimi sikio la kulia halisikii kitu. Tangu ule mlango wa benki nilioupiga kichwa. Huwa naitikia tu." Mama Mateke yeye hakuwa na huruma ya haraka hivyo.

"Kwa hiyo ulikuwa unanipakia kwenye lori," akasema. "Mimi, na wajukuu zangu nyumbani."

"Ndiyo," Radi akasema. "Nisamehe."

Mama Mateke akamkodolea macho mpaka wengine wakaanza kutazama viatu vyao. "Nitakusamehe nikishamaliza kukasirika. Lori nitaendesha mimi. Nafundisha watu kuendesha kila siku ya Mungu, na katika filamu zote zile nimekaa kiti cha abiria napiga mayowe. Wewe ndiye utakayepiga mayowe."

Muongozaji alitoka nje kupiga simu, akakaa huko kitambo, akizunguka uwanjani mkono kiunoni. Aliporudi alisema wazi: Radi aende kwa daktari wa macho kwanza, hilo halina mjadala. Kule kuruka kwake juu ya paa, kulikokuwa kwenye maandishi, kumefutwa. Lori ni la mama. Ila hilo pigano lao la kushikana anataka kuliona sasa hivi.

Wakamwonyesha. Alipoliona, alikaa chini kwenye godoro. Akasema alikuwa amepanga lifanyike uwanjani, kamera ikizunguka. Sasa alitaka liwe ndani ya chumba kidogo, wasipate pa kukimbilia. Akauliza pia, kwa uangalifu, kama wangeandika kwenye hadithi kwamba mhusika wa Radi haoni vizuri.

"Hapana," Radi akasema. "Nimekuja kuigiza mtu mkali. Ugonjwa wangu nitauugulia nyumbani."

"Sawa, baba," muongozaji akajibu, na hakulirudia tena.

Marehemu ndiye aliyemsindikiza hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku bila kuruka, na angefaa kuja mapema zaidi. Radi alisikiliza akiwa ameshikilia kingo za kiti. Walipotoka nje alisema, "Nilijua ataniambia," kisha, baada ya hatua chache, "Nilidhani atasema macho yote yanakwenda."

Siku ya kurekodi lile pigano, chumba kilikuwa kidogo hivi kwamba mtu wa kamera alibanwa kwenye kona, mgongo ukutani. Muongozaji alisema "haya", na wazee wakavaana. Walishikana tangu mwanzo hadi mwisho. Vifungo vilikatika, kiti kikavunjika, mkono wa Radi haukuacha bega lile. Katikati wakachoka kweli, wakaegemeana kifua kwa kifua wakihema, na kila mtu aliyekuwa pale alidhani sasa muongozaji atasema "kata". Hakusema. Akawaacha wapumzike vilevile, mpaka Radi mwenyewe akasukuma, akavuta mkono nyuma, akarusha. Marehemu akasikia upepo, akaanguka.

"Kata," muongozaji akasema.

"Nimekugusa?" Radi akauliza.

"Hata kidogo."

*

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza alasiri, ukumbi umejaa. Walikuwepo watu wazima walioleta watoto wao wawaonyeshe walichokuwa wakikipenda. Ngiri aligonga mlango kwa kichwa, ukagoma, akaufungua kwa kitasa, na ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Mateke alipoendesha lori kurudi nyuma kwa kasi katikati ya vibanda, Radi kando yake akipiga mayowe, watu walisimama kumshangilia, na wanafunzi wake wa udereva, waliokuja kundi zima, walishangilia kuliko wote.

Radi alikaa katikati ya safu, Marehemu kushoto kwake. Skrini ilikuwa pana kuliko lile bomba la macho yake, na alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akikitafuta kisa.

"Niambie pembeni kuna nini," akanong'ona.

"Kushoto Ngiri anaingia dirishani. Amekwama. Kulia, yule binti anajifungua kamba."

"Jamani wazee," mtu akasema nyuma yao, "wengine tunatazama."

Wakapunguza sauti. Lilipofika pigano la chumbani, Marehemu akaacha kusema, maana pembeni hakukuwa na kitu cha kueleza. Vyote vilikuwa katikati, nyuso mbili na mkono mmoja. Radi alitulia akatazama mpaka mwisho wake bila kugeuza shingo.

Nje jua lilikuwa bado kali. Watu waliwazunguka wakitaka kupiga nao picha, na mama mmoja akawapanga kwenye ngazi, wote wanne, akarudi nyuma na simu yake. Radi alitabasamu, uso ameuelekeza mahali ambapo mama yule alikuwa amesimama mwanzo, kabla hajasogea. Marehemu akamshika bega, akamgeuza kidogo tu, hivi kwamba asiyejua asingeona. Picha ikapigwa. Kisha Mama Mateke akasema ana njaa, wakashuka ngazi polepole kutafuta mahali pa kula, wakibishana iwapo Ngiri ataruhusiwa chumvi kwa siku moja.